Jibu: Kwa nini kitambaa chekundu huonekana cheusi chini ya taa ya kijani

Umeuliza kwa nini kitambaa chako chekundu kilionekana cheusi ulipokijaribu chini ya taa ya kijani. Kitambaa chenyewe hakijabadilika, ndugu. Kilichobadilika ni mwanga unaokifikia. Jicho huona mwanga wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 380 hadi 750 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Rangi iliyomo kwenye nyuzi za kitambaa hufyonza bluu na kijani, kisha huakisi mawimbi marefu tu, yaani mwanga mwekundu, kuanzia kama nanomita 620. Taa ya kijani hutoa mwanga wa karibu nanomita 530. Karibu wote unafyonzwa na kugeuka joto dogo sana, na kwa kuwa hakuna mwanga mwekundu wa kuakisi, jicho halipati kitu. Huo ndio weusi uliouona.

Ukirudia jaribio, funga chumba kiwe giza kabisa na utumie taa ya LED ya kijani. Balbu nyeupe iliyofunikwa plastiki ya kijani haifai, maana plastiki nyingi hupitisha wekundu kidogo. Weka karatasi nyeupe kando: isipoonekana kijani tupu, mwanga wako si safi. Kitambaa kikibaki na wekundu hata hapo, huenda kina rangi ya kung'aa kama ya vizibao vya usalama barabarani, ambayo hufyonza kijani na kutoa mwanga wa machungwa au mwekundu.