Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja

SWALI: Kompyuta yangu ya Windows 11 imekuwa nzito mno tangu nilipoongeza antivairasi ya pili. Niondoe ipi?

JIBU: Ondoa zote mbili, kisha uiwashe upya kompyuta. Kila unapofungua faili, zote hutaka kulikagua kwa wakati mmoja, na diski ndiyo inayoumia. Zikishatoka, Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows hujiwasha yenyewe, na kwa matumizi ya nyumbani inatosha kabisa, mradi usizuie masasisho.

Bado nzito? Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, uangalie safu ya diski (Disk). Ikiganda kwenye 100% hata usipofanya kitu, na diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, weka SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda) pekee huenda kusitoshe hapo.