Fundi Anajibu: Pinboli ya Zamani Inakata Fyuzi, Tuanzie Wapi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko hapa Kirumba Mwanza, nina kijiwe cha pool, sasa shemeji yangu kaniletea pinboli (mashine ya mchezo wa kupiga gololi ya chuma) ya Bally ya mwaka 1980, imekuja na kontena kutoka Marekani. Nikakata plagi yake nikafunga ya kwetu ya pini tatu, kuwasha tu ikalia "pa!" ikazima. Nikabadili fyuzi, ikakata palepale. Kuna fundi wa mtaani anasema tuweke uzi wa waya badala ya fyuzi tuone itakuwaje. Nimruhusu? Na bodi za umeme za ndani ndo zimeshakufa zote?

JIBU: Usimruhusu kaka, tena hata ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara usikubali. Fyuzi inayokata inakwambia kuna kitu, ukiiziba mdomo umeme utatafuta kitu kingine cha kukata, na hapo ni transfoma au waya ndani ya boksi la mbao, huo ni moto.

Sasa pole kwanza, alafu nikupe habari nzuri. Mashine hiyo ilifungwa kula volti 120 hivi, ukutani kwako zinatoka 230, yaani umeilisha karibu mara mbili. Ila mashine nyingi za wakati ule pale umeme unapoingilia zina varista, kidude cha duara bapa chenye miguu miwili kimekaa kati ya laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudi). Volti zikizidi chenyewe kinajiungisha shoti makusudi ili fyuzi ikate haraka, na mara nyingi kikishafanya hivyo kinabaki shoti, ndo maana kila fyuzi mpya inakata hapohapo. Kitafute, kama kimepasuka au kina weusi basi uwezekano ni mkubwa bodi zako ziko salama. Na iangalie ile fyuzi yenyewe kwenye mwanga: kioo kikiwa cheusi au kimepakaa fedha ndani ni shoti kali, kioo kikiwa cheupe na uzi umekatika tu katikati basi ni mzigo uliozidi kidogo kidogo, hizo ni kesi mbili tofauti kabisa.

Kabla hujashika chochote chomoa plagi ukutani, kuzima swichi ya mashine haitoshi, umeme unakuwa bado umefika mpaka kwenye swichi. Na hapohapo kwenye plagi nina wasiwasi na wewe. Waya za Kimarekani nyeusi ndo laini, nyeupe ndo nyutro, kijani ni ethi, yaani ya ardhini. Nyumba zetu nyingi za zamani zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza wa zamani, nyekundu laini na nyeusi nyutro, kwa hiyo fundi akiona nyeusi anaipeleka nyutro bila kufikiria. Ukizigeuza hivyo mashine itawaka vizuri tu lakini fyuzi na swichi zinaweza kuangukia upande wa nyutro, unazima unadhani imekufa kumbe ndani umeme umejaa. Kagua hilo leo. Na ile ya kijani lazima ifungwe, mashine ina reli na mlango wa chuma ambao wateja wanaushika muda wote, tena kandokando ya ziwa mtu anakuja na mikono mibichi.

Kuhusu volti una njia mbili. Ya kwanza ununue transfoma ya kushusha 230 kwenda 110, ile nzito ya chuma, isiwe chini ya wati 500, sio vile viplastiki vya wasafiri. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kubadili jampa, yaani waya mfupi wa kuchagua volti, kwenye transfoma ya mashine yenyewe, nyingi zina nafasi ya volti za nje na mchoro wake unaonyesha waya ipi ihamie wapi. Mchoro kama huna usikisie, rudi njia ya kwanza. Ukihamisha jampa na varista lazima ubadili, weka ya volti 275, maana ya 120 itakufa tena siku hiyohiyo. Na fyuzi ya mwanzo, ile ya pale umeme unapoingilia, ishuke ampea, volti zikipanda mara mbili ampea zinashuka nusu, fuata mchoro unavyosema.

Siku ya kuwasha mwite fundi redio mwenye taa ya siriizi, yaani bulbu ya zamani ya wati 100 ya uzi, sio LED, inayofungwa katikati ya njia ya umeme kwenda kwenye mashine. Chomoa konekta zote zinazotoka kwenye bodi ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, ili transfoma na rektifaya zibaki peke yake, alafu washa kupitia hiyo bulbu. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo shoti bado ipo. Ikimulika kidogo ikafifia, endelea. Toa siriizi, weka mita kwenye pointi za kupimia (TP) za bodi hiyo: TP1 itoe 5.4 hivi, TP3 karibu 12, TP5 karibu 43, zote DC, na TP4 kama 7 lakini hiyo ni AC. TP2 ina karibu 230 DC, hiyo inaua, shika mita mkono mmoja na mwingine uwe nyuma. Zikiwa sawa zote ndo uzime, usubiri kapasita ziishe chaji, urudishe konekta moja moja.

Ikishawaka, kwenye bodi kubwa kuna kitaa chekundu kinachomulika mara saba mashine ikijikagua. Kikiishia sita usikimbilie kununua bodi, cha saba kinasubiri zile volti 43, kwa hiyo angalia fyuzi ya soleni (zile koili zinazosukuma vitu mchezoni) na klipu zinazoishika. Klipu za huku kwetu zinashika kutu kwa unyevu, utakuta zimekuwa kahawia na zimelegea, fyuzi inazunguka kwa kidole. Hizo badilisha, kusugua msasa ni kwa wiki mbili tu.

SWALI: Shikamoo fundi. Bukoba hapa, tuna pinboli ya Williams ya miaka ya 90, asubuhi inacheza vizuri ila ikifika saa moja jioni ukibonyeza flipa (mikono ya kupigia gololi) zote mbili inajizima na kuanza upya. Tumeambiwa CPU, yaani bodi ya ubongo, ni mbovu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. CPU mwacheni kwanza. Jioni kila mtu kawasha, volti za ukutani zinashuka, na flipa zikivuta pamoja zinashusha tena, ile laini ya volti 5 ikiteleza kufika 4.7 hivi bodi inajiwasha upya yenyewe kwa usalama. Pima ukutani hiyo saa moja, sio asubuhi. Kama ni 200 nunueni stebilaiza nzuri. Kama ukuta uko sawa, nendeni kwenye bodi ya pawa, kapasita C5 ya maikrofaradi 15,000 na bridji BR2 (rektifaya ya laini hiyo) ndo watuhumiwa wa kwanza, miaka thelathini kapasita inakuwa imekauka. Angalieni na miguu yake nyuma ya bodi, lehemu ikiwa na mduara mwembamba wa ufa hiyo peke yake inatosha kuleta shida yote hiyo, na pini za konekta zilizoungua msizirudishie, wekeni mpya pande zote mbili.

SWALI: Musoma. Bodi ya pinboli yangu ya Bally ina unga wa kijani karibu na betri, nisafishe na nini?

JIBU: Betri imevuja, ni ile ya chaji ya volti 3.6. Ikate leo leo hata kama mashine inacheza, ule unga unatembea kwenye njia za shaba. Sugua kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza kwa maji safi, malizia na spiriti, anika mpaka ikauke kabisa. Betri mpya usiirudishe kwenye bodi, ivutie waya uiweke chini mbali na bodi. Soketi za chipu zilizo jirani ukiziona zimeshika kijani zing'oe zote, hazifai tena.