Kiwanja, Jirani na Nyumba ya Familia: Majibu kwa Wasomaji wa Pembezoni mwa Dar

Nimepata kiwanja Goba, kando ya mto, na bei yake ni nzuri. Dalali anasema wakati wa masika maji hupita "kidogo tu". Ninunue?

Kaka, usitoe hata advansi kabla hujakiona kiwanja hicho mwezi wa Aprili. Nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Tazama kuta za nyumba za jirani: plasta huwa na mstari wa tope, na mstari huo ukifika magotini, hiyo "kidogo tu" umeshaipima mwenyewe. Angalia kama milango imejengewa vizingiti virefu, au kama viroba vya mchanga vimepangwa nyuma ya nyumba. Kisha zungumza na mpangaji wa karibu, maana yeye hana cha kukuuzia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mhuri wa serikali ya mtaa hautakuokoa siku ya bomoabomoa. Na mto wenyewe hula kingo, hasa panapochimbwa mchanga, kwa hiyo mita 60 za leo si za miaka kumi ijayo. Mimi nisingenunua.

Nimepanga Kimara. Kila mwezi LUKU inanikata kodi ya majengo. Ni yangu kweli?

Hapana, ni ya mwenye nyumba. Tangu 2021 inakusanywa kupitia umeme, na mwaka 2023 ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tunza meseji za LUKU, mwoneshe, mkubaliane aitoe kwenye pango.

Mvua kubwa ikianza usiku, jirani wa juu yangu hutapisha choo. Maji yote yanapita mlangoni kwangu, na nina watoto wadogo. Nikisema nitaonekana mgomvi.

Mama, sema. Mvua haiyasafishi yale maji, inayasambaza tu hadi kwenye visima vifupi na mitaro wanamochezea watoto, na kipindupindu hupita njia hiyohiyo. Mfuate mchana, mkiwa wawili tu. Huenda shimo limejaa na hana hela ya gari la kunyonya; kama la kwako nalo limekaribia kujaa, iteni gari siku moja mpatane bei. Akirudia, nenda kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa afya wa kata. Hapo hutakuwa mgomvi, utakuwa mzazi. Kwa sasa chemsha maji ya kunywa, na mwombe fundi akujengee kizingiti cha tofali mlangoni.

Nyumba yetu ya Chanika tuliijenga pamoja, lakini hati ina jina la mume wangu. Ameanza kuleta wanunuzi.

Dada, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yako, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakulinda. Chukua cheti cha ndoa, ukaweke zuio kwa Msajili wa Hati wiki hii. Mwandikie barua na mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa mnunuzi makini hupita kwake, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Kama huna hela ya wakili, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria bure. Hadi hapo, usitie saini karatasi yoyote utakayoletewa nyumbani.