Kinundu mgongoni mwa simbilisi: usikibinye

Pole ndugu uliyeuliza kama kinundu cha simbilisi wako ni saratani. Kinundu kama njegere, kiko mgongoni karibu na makalio, na bado anakula vizuri: mara nyingi huo ni uvimbe wa vinyweleo au kifuko cha mafuta ya ngozi, si saratani. Ila kwa macho tu hakuna wa kuapa. Daktari wa wanyama atachoma sindano nyembamba, avute kidogo, aangalie kwa hadubini. Wewe usikibinye, kikipasukia ndani unajitafutia usaha. Kingekuwa chini ya taya ningesema nenda leo leo, maana hapo huwa jipu la tezi.

Ukipewa dawa ya kumeza, uliza kama ni penisilini au amoksilini. Hizo huvuruga bakteria wa tumbo lake na zinaweza kumuua. Akienda kupasuliwa, asinyimwe chakula usiku kucha kama afanyiwavyo mbwa, tumbo likisimama ni balaa.

Na ukiona nta nyeusi pale mkia ungeanzia? Ni tezi yake ya kawaida. Mimi niliwahi kuisugua nikidhani ugonjwa.