Majani ni yale yale, mbona chai ya Mbeya haikolei?

Karibu Mbeya, mdogo wangu. Umesema majani umekuja nayo kutoka Dar, yale yale anayotumia mama, lakini chai yako inatoka nyepesi. Majani hayana kosa. Mbeya mjini ni juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama huko pwani. Utayaona yanatokota kweli, ila moto wake ni mdogo. Basi tia majani kwenye maji matupu, funika sufuria, acha yachemke dakika tano mpaka rangi iive, ndipo umimine maziwa. Ukiyawahisha, protini ya maziwa hushika ule ukali wa majani na chai inapooza. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Maji nayo yana lake: ya kisima yenye chumvi huifanya chai iwe nyeusi, na juu hukaa utando. Majani yafunike vizuri, mbali na vitunguu na viungo, maana hunasa harufu upesi. Yakiisha, nunua ya Rungwe. Mimi nayapenda sana.