Kaboni haianikwi jamvini: jibu kwa binti wa Micheweni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Micheweni, hapa hapa Pemba. Kaniandikia hivi: "Kaka, nimesoma kwamba kuna vijiji Kenya vinalipwa kwa kutunza mikoko. Na sisi hapa tunayo tele. Nianzie wapi ili shehia yetu ipate pesa mwakani?" Niliusoma mara tatu. Lile neno "mwakani" ndilo lililonikosesha usingizi, maana na mimi nilikuwa nalo, na nimelilipia.

Namjibu hapa hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila anayefungua ukurasa huu ana shehia yake, ana mikoko yake au msitu wake wa juu, na ana hamu ya kuona vijana wa kwao wanapata kitu bila ya kuhamia mjini. Hamu hiyo ninayo. Basi tusikilizane.

Mimi ni katibu wa kamati ya uhifadhi katika shehia moja ya pwani, upande wa Wete. Mwaka 2016 alitufikia mtu aliyesema ametumwa na kampuni ya nje. Tulimpokea kama tunavyopokea wageni: wali, samaki, madafu, akatembezwa kwa dau ndani ya mkondo. Akapiga picha nyingi. Akatuambia viwanda vya Ulaya vinatafuta kaboni usiku na mchana na kwamba msitu wetu ni benki iliyokosa funguo. Nikamuuliza kila nyumba itapata nini. Akabonyeza simu yake, akasema laki tatu kwa mwaka. Hakuiandika popote. Mimi ndiye niliyeisema, Ijumaa, watu walipotoka msikitini, kwa sauti yangu mwenyewe.

Mzee mmoja akainuka akauliza, "Mwanangu, hiyo kaboni tunaianika wapi?"

Watu wakanyamaza kusubiri jibu. Halikuulizwa swali la maana kuliko hilo siku ile, nami sikulijibu, nikalipita haraka haraka. Sisi Wapemba tunajua zao linavyouzwa. Karafuu unaichuma, unaichambua, unaianika kwenye jamvi, wingu likitanda unakimbia kuianua. Ikikauka unaitia guniani, unaipeleka kituoni, inapandishwa kwenye mizani nawe unaona, unarudi na pesa yako. Kaboni haina gunia. Kinachouzwa ni hewa ukaa ambayo ingepanda angani lau mikoko ingekatwa, na haikupanda kwa sababu nyinyi mmezuia, pamoja na ile inayovutwa na miti mipya inayokua. Tani moja ya hewa hiyo ndiyo cheti kimoja, na mwenye kiwanda hukinunua kufidia moshi wake. Na kabla cheti hakijatoka, lazima uthibitishe mambo mawili: kwamba msitu ulikuwa kweli unapotea, na kwamba ni kazi yenu iliyousalimisha. Hayo ningemweleza mzee yule siku ile, ningekuwa mtu mwengine leo.

Mjomba wangu alikuwa na tanuu la chokaa. Chokaa yetu huchomwa kwa mawe ya matumbawe na magogo, na magogo ya mikoko yanapendwa kwa sababu moto wake ni mkali na hauzimiki upesi. Alisimamisha tanuu kwa neno langu. Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza tu, "Una hakika?" Nikamwambia ninayo.

Yule mtu alirudi mara moja tu, akatutaka tupande. Tukapanda. Watoto wa skuli, kina mama, sheha mwenyewe na suruali imekunjwa. Tulichomeka mbegu za mkoko kwenye ufuo wa mchanga wa mbele, mahali ambapo tangu enzi za babu zetu hapajaota kitu, kwa sababu palikuwa wazi na panapendeza kwenye picha. Baada ya miezi minne nilikwenda kuangalia. Miche iliyobaki ilikuwa imevaa viganda vidogo vya baharini kuanzia chini mpaka juu, vizito, imelala ubavu. Nilijaribu kuvibandua kwa kisu kwenye mche mmoja, ukakatika mkononi. Mama mmoja mchokoa pweza alinipita, akaniambia bila hata ya kusimama kwamba mbele ile, kama pangeota kitu, kingekuwa mlilana, mkoko unataka tope la ndani, na mkandaa unakaa nyuma kabisa kwenye ardhi ya chumvi. Miaka yote alikuwa anajua. Hatukumuuliza.

Simu ya yule mtu ikawa haipatikani.

Miaka mitatu iliyofuata nairuka, haina faida kwako. Nitasema moja tu. Nilipewa jina. Nikipita barazani naitwa "Laki Tatu". Watoto wasionijua jina langu la kweli wananijua kwa hilo. Mjomba hakuniita hivyo, yeye alikuwa ananinyooshea kiganja tu kila nikikaa karibu yake, kimya, kama anayesubiri chenji. Bado linaniuma. Naandika haya na kifua kimebana.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako, mdogo wangu: usitaje bei. Usitaje bei mkutanini, usitaje nyumbani, usimtajie hata rafiki yako wa karibu. Ukiulizwa, sema hesabu bado.

Na hesabu yenyewe ni hii, maana hakuna aliyenifanyia mimi wakati ule. Hao wa Kenya uliowasoma bila shaka ni wa Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kwale. Mradi wao umeanza 2013, wana hektari 117, na lengo lao ni kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Igawe: hektari moja inazuia kama tani 25. Tuseme shehia yenu ina hektari 40, hiyo ni tani 1,000. Tuseme mmepata mnunuzi wa dola nane kwa tani, hiyo ni dola 8,000. Mpango wa viwango wanaoutumia, Plan Vivo, unataka angalau asilimia 60 ya mapato ifike kwa jamii. Zimebaki dola 4,800. Kama mna nyumba 400, kila nyumba ina dola 12 kwa mwaka, elfu thelathini hivi za kwetu. Elfu thelathini, siyo laki tatu. Ndiyo maana Gazi hawakugawana mikononi, wameweka kwenye maji na skuli. Kisima kimoja chenye pampu kila mtu anakiona. Elfu thelathini inaishia kwenye unga na sukari, na wiki ya pili watu wanasema mmewala.

Nimejifunza haya kwa kusoma usiku na kwa kuwasumbua maofisa misitu, na sioni haya kusema najivunia. Nilikuwa sijui hata tani moja ya hewa inapimwaje. Mwaka jana tumepima wenyewe. Tunakwenda siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, kwenye saa nne za asubuhi. Unafunga kamba mraba wa mita 10 kwa 10, unaingia ndani, kila mti unauzungushia utepe kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe haukubali kipimo hicho kwa sababu mizizi yake inaanzia juu na kushuka kama mikono ya pweza. Huo unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, na mara nyengine mzizi huo umepita kichwa chako, mtu anapanda begani kwa mwenziwe. Tope linafika mapajani. Mmoja anaita namba, mwengine anaandika kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka. Na chini ya tope hilo ndiko kaboni iliko nyingi zaidi, nyingi kuliko ya miti unayoiona. Kwa hiyo anayekata mikoko na kuchimba majaluba ya chumvi anafungua ghala lote kwa mara moja.

Sasa karatasi. Mikoko si mali yako wala ya shehia, ni ya serikali. Sheria ya misitu ya Zanzibar, namba 10 ya 1996, inaruhusu jamii kukabidhiwa usimamizi kwa makubaliano, yale ambayo wengi wetu tunayaita Kofma. Bila ya makubaliano hayo huna unachouza. Uliza kwanza kama shehia yenu iliwahi kuwa nayo, kwani mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulipopita Unguja na Pemba kuanzia 2010 shehia nyingi zilichorewa mipaka, na ramani hizo huenda zimo kwenye kabati la mtu. Usibebe kanuni za Bara za biashara ya kaboni za 2022 ukadhani umemaliza. Misitu na mazingira si mambo ya Muungano. Kwetu mlango ni Idara ya Misitu na Mamlaka ya Mazingira, ZEMA. Nenda mwenyewe, usimtume dalali.

Mkataba wa kuuza kaboni usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya watu, wanawake wakiwemo na wachoma chokaa wakiwemo. Nakala ibaki kwa sheha na nyengine kwa kamati. Angalia miaka mingapi. Sisi tuliletewa wa miaka 30, kwa Kiingereza, na sehemu ya bei imeachwa wazi ijazwe baadaye. Huo tumeukataa mwaka juzi, na siku tuliyoukataa nililala vizuri kuliko siku nyengine yoyote tangu 2016. Angalia nani anabeba gharama za wakaguzi wanaohakiki hizo tani, maana mkaguzi wa nje analipwa, na gharama hizo zikikatwa kwenye lile fungu lenu hamna kitu. Jua pia kwamba sehemu ya vyeti huwekwa akiba, haiuzwi, ili moto au dhoruba ikipita kuwe na cha kufidia. Na usitaje bei.

Jambo ambalo hakuna aliyenishauri, na ndilo ningelitanguliza kama ningepata kuanza upya: mtafutie mkataji chakula kabla hujamzuia. Ukimzuia huku akahamia kukata shehia ya jirani, hewa ile ile imepanda na mkaguzi atakukata hesabu. Lakini sisemi kwa ajili ya mkaguzi. Nasema kwa ajili ya mjomba wangu, aliyekaa na tanuu baridi na watoto sita kwa sababu ya neno langu. Tulipoanza upya tulianza na mizinga ya nyuki ndani ya mikandaa. Mizinga minane. Mjomba nilimpelekea mitatu mwenyewe kwa dau, nikaiteremsha, nikaondoka bila ya kumwambia neno. Msimu wa pili aliniletea chupa ya asali mlangoni. Hiyo asali imempa pesa ambayo kaboni haijampa mpaka leo, na nakwambia wazi: kutoka kwenye kaboni shehia yetu bado haijapokea hata shilingi moja. Makubaliano yapo, vipimo vipo, mnunuzi tunazungumza naye kwa karatasi. Miti imesimama.

Ndugu zangu, na hapa nasema na nyote, tuache kudanganyana. Vijana tunapenda kuwa wa kwanza kuleta habari njema. Tunaona video, tunasikia dola, tunakimbilia kipaza sauti. Mtu akishakuamini ameshakupa kitu, na wengine wamekupa tanuu zao. Kaeni na kina mama wachokoa pweza, wanaujua mkondo kuliko nyinyi. Andikeni. Pimeni. Subirini. Atakayekwambia pesa inaingia mwakani, muombe nambari ya ofisi yake na mkataba wa Kiswahili, umuone atakavyoondoka.

Basi, binti wa Micheweni, siku za bamvua zijazo tunarudi kwenye miraba sita ya upande wa kusini kuhakiki vipimo. Njoo, uje na mwenzio mmoja. Vaa viatu vya kufunga kwa kamba, ndara zitabaki topeni. Ukiteremka kwenye gari uliza nyumba ya Laki Tatu, hata mtoto atakuonesha. Mjomba ndiye atakayekukabidhi utepe.