Ubuyu na uwatu havichomi mafuta, vinalisha bakteria

Wengi mnaniuliza natumia dawa gani iliyoniondolea kitambi. Nakula ubuyu, uwatu, maharage na ugali wa dona. Wauza mitishamba watakwambia ubuyu na uwatu vinachoma mafuta. Si kweli, na naumia nikiona watu wanamaliza mshahara kwa ahadi hiyo.

Vyakula hivi vimejaa nyuzinyuzi, ambazo mwili wetu hauwezi kuzimeng'enya. Zinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanazila, kisha wanatoa asidi zinazolisha kuta za utumbo na kuchochea homoni za shibe.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walichukua vinyesi vya mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, wakawapandikizia panya wasio na bakteria wowote. Panya waliopata vya mnene walijaa mafuta zaidi. Makundi hayo mawili yalipowekwa kizimba kimoja, bakteria wa wembamba waliwahamia wenzao na kuwakinga na unene. Lakini kinga hiyo ilipatikana kwa panya waliolishwa chakula cha mafuta kidogo chenye matunda na mboga kwa wingi. Kwa chakula cha mafuta mengi, haikuwepo. Ndiyo maana nasema kijiko cha ubuyu juu ya chipsi mayai na soda ni kupoteza ubuyu.

Mimi uwatu nauloweka usiku, kijiko kimoja cha chai. Asubuhi mbegu zimevimba na maji yanateleza kama mlenda. Ule utelezi ndio nyuzinyuzi zenyewe, usiumwage. Nauchanganya kwenye uji wa ulezi ili kuua uchungu. Jasho litanukia uwatu, usishtuke. Ubuyu nanunua unga mweupe, si zile mbegu za rangi nyekundu zilizopakwa sukari.

Anza kidogo kidogo. Ukikurupuka, tumbo litajaa gesi, kwa kuwa bakteria wanapokula nyuzinyuzi wanatoa hewa. Kunywa maji ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kijiko cha uwatu hakifiki hapo hata kidogo. Maharage, mbaazi, matembele na dona ndivyo vitakavyokufikisha.

Kama una kisukari na unatumia dawa, muone daktari kwanza, kwani uwatu nao unashusha sukari. Mama mjamzito asiutumie kama dawa.